Mashine Iliyokwenda Segera

Majina yao wote ninayo. La mwanachuo aliyeshinda, la baba yake na la kijiji chao. La yule mzungu aliyekuwa jaji mkuu. La mwenyekiti wetu. Hata la dereva wa lori ninalo, na la mwanamke aliyemwoa baadaye pale Makuyuni. Siyaandiki. Wengine wamekufa, wengine wana wajukuu wanaocheza na wajukuu zangu, na mtoto hachapwi kwa jina la babu yake. Lakini msidhani nimesahau. Wala msidhani nimesamehe, maana hakuna aliyekuja kuniomba.

Mimi nimezaliwa huko huko Makuyuni, upande wa Korogwe, nikaolewa Handeni, upande wa Misima. Nilipoolewa bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya. Miaka ikapita tukahamishwa, tukakusanywa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari kama mkonge, tukaambiwa sasa ninyi ni kijiji cha ujamaa. Shamba langu la muhogo likabaki kule nyuma na nguruwe. Hilo nalo lina hasira yake, lakini leo siliandiki. Leo naandika habari ya mashine ya kusaga.

Mtu ambaye hajatwanga hawezi kujua mashine ni nini. Anadhani ni chombo cha kutengeneza unga. Ngoja nimweleze. Unatwanga mahindi mpaka yatoke ganda, unapepeta, unayaloweka, unayachuja, unaanika, unayatia tena kinuni, unatwanga, unachekecha, chenga zinazobaki unazirudisha, unatwanga. Hapo hujachota maji, hujatafuta kuni, hujafika shambani. Na shamba la kijiji nalo lina kengele yake. Ukichelewa unaitwa mvivu mbele ya watu. Basi mwanamke afanyeje? Anamtia binti yake mchi mkononi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa binti yangu wa kwanza. Alfajiri yuko kinuni, jua likitoka anakimbia shuleni na pumba kwenye nywele, anafika kengele imeshalia, anachapwa. Anarudi jioni, anatwanga. Mwalimu wake alinisimamisha njiani siku moja akaniambia, "Mama, huyu mtoto anasinzia darasani. Ana akili, lakini anasinzia." Nikamwambia, "Njoo wewe umtwangie." Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Mashine tuliahidiwa wakati wa kuhamishwa. Ilikuja, nitasema kweli, ilikuja. Banda lake tulilijenga sisi wanawake. Mawe tuliyatoa korongoni kwa vichwa vyetu, mchanga vilevile. Wanaume waliezeka bati wakajisifu mpaka leo. Siku injini ilipowashwa, mama mkwe wangu, mwanamke asiyeogopa mtu wala jini, aliingiza mkono kwenye unga uliokuwa bado wa moto akajipaka usoni, akasema, "Sasa nife." Binti yangu akaanza kufika shuleni kabla ya kengele. Muhula ule alikuwa wa kwanza kwa kusoma. Akawa ananisomea gazeti la ukutani, na mimi niliyekuwa najikongoja kwenye kisomo cha watu wazima, nikawa namwuliza yeye herufi.

Kisha dizeli ikawa shida. Nchi nzima ilikuwa shida. Mara inapatikana Korogwe, mara haipatikani popote. Mashine inafanya kazi juma moja, inalala mawili. Ada tuliyokuwa tunatoa haikutosha kuifuata dizeli ilikokwenda. Tukapeleka malalamiko wilayani. Tulitaka dizeli. Tukaletewa wanachuo.

Walikuja kwenye basi la chuo, vijana wa chuo kikuu wanaosomea biashara. Suruali za bugaluu zinafagia vumbi, viatu vya raizoni virefu kama vigoda, nywele kama ungo. Wasichana walikuwa wachache. Mwenyekiti akaita mkutano akatueleza: vijana hawa wamepewa shida ya mashine yetu. Wamegawanywa makundi, kila kundi litatafuta dawa ya shida ile, kisha watashindanishwa mbele ya majaji, hapa hapa kijijini. Kundi litakaloshinda litakwenda kushindana na vyuo vya nchi jirani. Na dawa iliyoshinda, wilaya itaitekeleza.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Kwa hiyo wanacheza mpira, na mpira wenyewe ndio sisi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Mama, huo ni utaalamu."

"Haya. Mpira umesikia."

Tukawakaribisha. Walilala madarasani, tukawapikia. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza: unasaga kiasi gani, unalima nini, unatumia saa ngapi mashineni. Tukawajibu. Sina neno na maswali yao. Wengi walikuwa watoto wenye adabu, shikamoo haikuwatoka mdomoni, na mmoja wa wasichana alishika mchi wa nyumbani kwangu akatwanga mpaka akatoka malengelenge.

Kati yao alikuwamo Mnyamwezi mmoja, mrefu, mwenye maneno. Hapa inabidi nieleze, maana siku hizi vijana hawajui. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Tangu enzi za misafara, babu zao wakipita na mizigo kwenda pwani, walipita kwetu. Wakaja tena kukata mkonge. Kwetu Makuyuni nilikua nao, najua desturi ya utani toka nanyonya. Mtani anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anatoa nyama anakula amesimama. Unamtukana mpaka anapaliwa, na hakuna anayenuna. Ukinunia utani umejidhalilisha. Tena kuna jambo moja, lishikeni hili: mtani akisema nakuchukulia mke wako, humwambii hapana. Hapana ni neno la hasira. Unamwambia mchukue, na mama yake umbebe mgongoni. Hivyo ndivyo anavyojibiwa mtani. Mnyamwezi yeyote anajua, Mzigua yeyote anajua.

Yule kijana naye alijua. Siku ya kwanza tu alipofika uani kwetu alimkuta mama mkwe anachambua kunde.

"Shikamoo bibi. Wazigua mngali hai? Nilidhani uvivu umeshawamaliza."

Mama mkwe hakuinua hata uso. "Marahaba, mjukuu wa mpagazi. Babu yako alipita hapa na pembe ya tembo kichwani, akaomba maji, tukampa kwenye kata ya mbwa."

"Ndiyo maana nimerudi. Aliacha mzigo wake hapa. Naona ni wewe. Nakuoa leo leo."

"Nioe! Ila meno yangu yameisha, utanitafunia."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Toka siku hiyo hakuondoka kwetu. Alikula kwetu, akamnyang'anya mama mkwe paja la kuku mkononi, mama mkwe akamvua kofia akaivaa yeye kutwa nzima hadi kisimani. Tulimpenda. Na mimi nilimpenda, namkaangia mbegu za maboga anatia mfukoni. Ndiyo maana naandika kwa uchungu hivi. Mgeni baki asingeweza kutufanyia alichotufanyia yule.

Siku ya mashindano ubao wa darasani ulitolewa nje, ukaegemezwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Majaji walikaa barazani: bwana mkubwa wa wilaya, mhasibu mmoja aliyetoka Tanga, na jaji mkuu, mwalimu wao mzungu. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani, lakini kilikuwa Kiswahili kisicho na watani. Mwenyekiti wetu alikaa nao. Sisi tulikaa chini, wanawake upande huu, wanaume upande ule.

Kundi la kwanza likasema ada ipandishwe. Tukaguna. Kundi la pili, lenye yule msichana wa malengelenge, likasema tulime shamba la pamoja la alizeti, mapato yake yanunue dizeli tu, na mashine iwashwe kwa siku maalumu watu wakiwa wamekusanyika, isiwake kwa debe moja moja. Tukapiga vigelegele. Jaji mkuu akauliza mvua isiponyesha itakuwaje, msichana akababaika. Mvua ya Handeni kweli ni ya kubahatisha, hilo hatukuweza kumsaidia.

Akaja mtani na kundi lake, la tatu. Alikuwa amevaa shati jeupe. Akachora barabara tatu zinakutana. Akasema: mashine hii ipelekwe Segera, njia panda. Hapo magari ya Tanga, ya Arusha na ya Dar es Salaam yote yanapita. Wenyeji wa hapo ni wachuuzi, wananunua unga, hawana muda wa kutwanga. Dizeli inapita mlangoni. Mashine itafanya kazi mwaka mzima na mapato yatarudi kijijini. Alizungumza vizuri, kalamu ya mhasibu ikawa inakimbia.

Jaji mkuu akamwuliza, "Na akina mama wa hapa? Watasaga wapi?"

Hapo ndipo. Kijana yule alitugeukia. Akabadili sauti, akaishusha ile sauti ya chuo akachukua ile ya uani kwetu, mikono kiunoni.

"Hawa? Hawa Wazigua wamezaliwa na mchi mkononi. Mashine inawanenepesha bure! Naichukua, mama zangu. Mnasemaje?"

Mama mkwe akasimama, kanga kiunoni. "Chukua! Chukua na banda lake! Na mwenyekiti huyo mtie kwenye gunia uende naye, hapa hana kazi!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Wanawake wote, "Chukua! Chukua!" Vigelegele vikaruka. Na mimi nilipiga, na sijutii kigelegele changu. Nilimjibu mtani kama nilivyofundishwa kumjibu mtani.

Mzungu naye alikuwa anatabasamu. Akamuinamia yule kijana, akauliza, na mimi nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu haya: "Kwa hiyo wanakubali?"

Kijana hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema, "Umewasikia mwenyewe, Mwalimu."

Mzungu akaandika. Mwenyekiti akakohoa, akaangalia miguu yake. Mwenyekiti ni Mzigua, mama yake Mzigua, bibi yake Mzigua. Akaangalia miguu yake.

Kundi la tatu likashinda. Tulikuwa bado tunacheka wakati linatangazwa. Tukampigia makofi mtani wetu, mama mkwe akamwendea akamtingisha kichwa. Kisha bwana mkubwa wa wilaya akasimama akasema serikali imesikia kauli ya akina mama wa kijiji hiki, imefurahishwa na moyo wao wa kujitolea, na lori litakuja kuchukua mashine baada ya mavuno.

Kicheko kilikatika kama kamba ya ndoo.

Mama mkwe akasema, "Kauli gani?"

"Kauli yenu, mama. Mmesema chukua."

"Bwana mkubwa, huyu ni mtani wetu! Mtani haambiwi hapana!"

Bwana mkubwa akatabasamu kama anayemweleza mtoto. "Mama, mambo ya makabila tumeyaacha na ukoloni. Hapa tunajenga taifa moja."

Nikasimama na mimi. Sikuwa mtu wa kusema mikutanoni. Nikasema hatutaki, andikeni kwamba hatutaki, wote walioko hapa hawataki. Mwenyekiti akaniambia nikae, kikao kimefungwa. Jaji mkuu alikuwa ameshafunga karatasi zake kwenye mkoba, anauliza wapi atanawa mikono. Wakati huo mama mkwe amemshika yule kijana mkono. Hakumtania. Kwa mara ya kwanza alimwita vingine.

"Mwanangu, waambie. Wewe unajua. Waambie ulikuwa utani."

Alikuwa bado ana nafasi. Jaji yuko hatua chache tu pale kwenye kata ya maji. Kijana akatazama huko, akatazama wenzake wa kundi lake waliokuwa wanamsubiri wambebe juu juu.

"Mama," akasema, "hesabu ndivyo zinavyoonyesha."

Akatoa mkono wake taratibu. Walipopanda basi jioni alitoa kichwa dirishani akapiga kelele kwa ile sauti ya uani, "Wazigua! Nitawaletea chumvi kutoka Segera!" Hakuna aliyemjibu. Mtani kutojibiwa ni tusi kubwa kuliko matusi yote. Nikaona uso wake ukibadilika. Basi likaondoka. Sijui kama alilala.

Lori lilikuja kweli baada ya mavuno. Wanawake tulikaa mlangoni mwa banda, tumepakata watoto. Mgambo wakatuinua mmoja mmoja, wakitubembeleza, ni watoto wetu wenyewe wale. Mmoja alikuwa analia huku ananivuta bega. Injini ikafunguliwa, ikapandishwa. Waliacha bolti nne zimesimama kwenye saruji, mbuzi wakawa wanajikunia.

Na sasa nitawaambia kinachonichoma zaidi. Hesabu zao hazikukosea. Msitegemee nitawaambia mashine iliharibikia Segera ikaota kutu, wanachuo wakaaibika. La. Ilifanya kazi sana. Ilisaga mchana kutwa, mapato yakarudi kijijini kama alivyosema. Ofisi ikapata viti, ikapata bati jipya, mwenyekiti akapewa cheti cha kijiji cha mfano. Mwalimu wa shule akatuambia kundi lile lilikwenda huko nchi jirani likashinda tena, kwa shida ile ile ya mashine yetu. Watu wa nchi nyingine walipiga makofi kwa ajili ya mikono yangu. Nikamwuliza mwalimu, "Walituita nani huko?" Akasema hakuna aliyetajwa jina, ilisemwa tu kijiji kimoja. Hesabu ilitimia kila upande. Mchi tu ndio haukuandikwa popote, nani ataushika.

Nani ataushika? Hilo likaulizwa nyumbani kwetu siku ile ile lori lilipoondoka. Mama mkwe aliutoa mchi darini, akaupangusa kwa kanga, akamwita binti yangu.

"Njoo, mjukuu wangu. Mambo yamerudi."

Binti akaweka daftari chini. Hakulalamika, na kule kutolalamika ndiko kuliniuma. Akaushika mchi mahali pale pale alipokuwa akiushika zamani.

Nikamwambia, "Weka."

Mama mkwe akageuka. "Aweke, atwange nani?"

"Mimi."

"Na shamba la kijiji? Na maji? Na kuni?"

"Mimi."

"Umerogwa. Mimi nilitwanga. Mama yako huko Makuyuni alitwanga. Huyu ni nani hata asitwange?"

"Huyu anasoma. Kesho anaingia darasani kabla ya kengele, na keshokutwa. Siku nikishindwa mtakula kande, mtakula mahindi ya kuchoma, mtakula makopa ya muhogo. Lakini mchi huu hagusi."

"Mwanangu akirudi hakuna ugali utamwambia nini?"

"Nitamwambia akaudai Segera."

Sikuwahi kumjibu hivyo mama mkwe, wala mwanamke yeyote wa pale hakuwahi. Mume wangu alirudi, akaambiwa, akanuna, akala kande. Akanuna tena kesho yake. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira inayotosha kijiji kizima na sikuwa na mahali pa kuipeleka, kwa kuwa mtani hachukiwi, serikali haitukanwi, na mzungu ameshaondoka na mkoba wake. Nikaipeleka kinuni. Nilitwanga nimekaza meno, majirani wakadhani nagombana na mtu.

Mama mkwe alikaa siku nyingi hasemi na mimi. Alikaa kizingitini ananitazama natwanga, mdomo ameuvuta. Asubuhi moja ya mvua nilikuwa na homa, mikono inateleza, unga haujapatikana hata wa uji, na binti amesimama na daftari ndani ya mfuko wa sukari, anatazama mchi, anatazama mlango. Nilijua anachofikiri. Nikasema, "Nenda." Hakwenda. Nikasema tena kwa ukali, "Nenda!"

Mama mkwe akainuka. Akaenda kwa jirani, akarudi na mchi wa pili. Hakuniangalia. Akasimama upande wa pili wa kinu, akapiga, na mimi nikapiga, yeye, mimi, yeye, mimi. Kati ya pigo na pigo alianza kumtaja yule kijana kwa jina lake kamili na la baba yake, akimlaani kweli kweli, laana za mtu anayelaani adui, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hawezi kumfanyia mtani. Sikumzuia.

"Wewe mtoto," akamwambia binti bila kusimama, "unasubiri nini? Kengele itakulilia hapa?"

Binti akajifunika kanga, akatoka mbio mvuani.